Shauri Lenu, Shauri Yenu

Kituo Kidogo cha Polisi,
Njia ya Buwenge,
Jinja.
9 Septemba 1996

Kwa Afande Conrad,
Mkuu wa Kozi ya Uongozi Shirikishi,
Mbale.

Afande Mheshimiwa,

KUHUSU: ASKARI WANAOKATAA KUSHIRIKISHWA

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba radhi kwa kuandika nikiwa nimeketi. Malalamiko yangu ni mazito, na mimi si kijana tena wa kuyabeba nikiwa wima.

Mimi ni Inspekta Faizal Masaba, yule aliyekaa karibu na dirisha kwenye kozi yako mwezi wa sita, akipiga chafya kwa vumbi la unga kutoka kinu cha jirani pale mtaa wa viwanda, Industrial. Ulitufundisha kwamba kiongozi wa siku hizi haamrishi, anashirikisha. Kisha ukamtaka kila mmoja aandike falsafa yake binafsi ya uongozi shirikishi, peke yake, bila kumwuliza jirani, na waliokamatwa wakishirikiana wakapunguziwa alama. Mimi sikushirikiana na mtu. Nikawa wa pili.

Falsafa yangu ilikuwa fupi: "Uongozi ni shauri lenu." Yaani kiongozi hakati neno kabla ya kusikia shauri la watu wake. Uliisifu mbele ya darasa zima, nikarudi Jinja kifua mbele. Sasa nimepata taarifa kwamba Ijumaa ijayo kamati yako inakuja kuiona falsafa hiyo ikifanya kazi, na kwamba atakayeonekana ameshindwa ataondolewa kituoni na kupelekwa ghala la sare. Afande, nakipenda kituo hiki. Ghala la sare nimeshalikalia, nalijua mpaka harufu ya buti zake. Ndiyo maana nakuandikia mapema, ili ujue kwamba kosa si langu. Kosa ni la askari wangu, kama ifuatavyo:

1. Hawataki kuulizwa. Siku ya kwanza niliwakusanya uwanjani nikawauliza kwa upole, "Mnaonaje?" Wakakaza macho kwenye buti zao. Nikarudia, na safari hii nikatabasamu. Hapo ndipo walipoogopa kweli. Koplo Ojok, dereva wetu, ambaye nyoka akiingia ofisini anamtoa kwa mkono, alipiga saluti akasema, "Afande, sisi nakosa nini?" Nikamwambia hamjakosa, nataka maoni yenu tu. Akasema, "Maoni hapana, afande. Sisi iko salama."

Wewe unaijua nchi yetu. Kwa miaka mingi Kiswahili, lugha ya wanajeshi, kilibisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mama mkwe wangu hapo Mbale mpaka leo akisikia Kiswahili nje ya mlango, hata cha muuza mandazi, anaficha kuku. Mtu wa huku akiulizwa maoni yake kwa Kiswahili, kwanza anaangalia mlango uko wapi. Nilijaribu kuwauliza kwa Kiingereza, wakadhani wamepelekwa mahakamani.

2. Wameibadilisha falsafa yangu. Nilitaka iandikwe ukutani ili watu waizoee, nikamwita Muhamad, fundi wa Masese anayepaka majina kwenye mitumbwi ya wavuvi. Nilimpa karatasi iliyosomeka UONGOZI NI SHAURI LENU. Niliporudi kutoka mjini nikakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani: UONGOZI NI SHAURI YENU. Nilipomkaripia akanihurumia. "Afande, hakuna mtu nasema shauri lenu. Hiyo iko Kiswahili ya kitabu. Mimi natengeneza tu, sikuongeza bei."

Herufi moja, afande! Lakini unajua vizuri kwamba kambini "shauri yako" ina maana moja tu: utajijua mwenyewe, mimi simo. Basi kila apitaye kwenda soko la Buwenge anasoma kwamba polisi wa hapa wamenawa mikono. Mama mmoja aliyeibiwa mbuzi alifika, akasoma ukuta, akageuka kwenda kumtafuta mbuzi wake mwenyewe. Kwamba alimpata si hoja.

3. Hawasukumi. Land Rover ya kituo haiwaki bila kusukumwa. Mtangulizi wangu alikuwa akipuliza filimbi, wanasukuma, inawaka. Mimi, kwa kuheshimu mafunzo yako, siku tuliyoitwa Buwenge kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, niliketi ndani, nikachungulia dirishani nikatangaza, "Leo hakuna filimbi. Kusukuma ni shauri lenu." Wakatazamana. Sajenti Jovia Nangobi, msaidizi wangu, akauliza taratibu, "Shauri yetu, afande?" Nikasema ndiyo, na nilisema kwa moyo wangu wote. Wakapiga saluti, wakaenda kunywa chai.

Nilikaa ndani ya gari hilo mpaka jua likanihamia shavu la pili. Ugomvi wa Buwenge uliisha wenyewe kwa wagomvi kuchoka.

4. Wanashirikiana. Hili ndilo zito kuliko yote, na hukutufundisha mtu afanye nini likimtokea. Walipoamini kwamba nimejitoa, wakaanza kukutana jikoni. Sajenti Nangobi anakoroga posho, ule ugali wetu wa mahindi, kila mtu anasema lake, wanabishana kwa Kisoga, kwa Kiacholi na kwa Kiswahili cha kuokoteza, mwishowe wanapatana. Wamepanga zamu upya ili wenye watoto wachanga wasilinde usiku. Choo kilichoanguka enzi za mtangulizi wangu kimesimama. Mwizi wa mbuzi amekamatwa, kwa kuwa yule mama alirudi kuwaeleza alikompata mbuzi wake, na akawaeleza jikoni, si ofisini kwangu. Kituo kinakwenda vizuri bila idhini yangu, na huo ni utovu wa nidhamu ambao sijapata kuuona tangu nivae sare. Ulituambia kidole kimoja hakivunji chawa. Hukutuambia kwamba vingine vinaweza kumvunja huku kile kimoja kikitazama.

Nitasema wazi, afande: inaniuma. Juzi nilisikia wanacheka huko jikoni, nikaenda na kikombe changu nikitumaini kwamba mtu atanisogezea kigoda. Nilipotokea mlangoni wote walisimama wima, na kicheko kikaishia hapo. Nikajifanya nimefuata chumvi. Nilirudi ofisini na chumvi nisiyoihitaji, nikaketi nayo chini ya cheti cha kozi yako.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Nipatiwe amri ya maandishi, yenye mhuri, inayowalazimisha askari wangu kunishirikisha kwa hiari yao wenyewe kabla ya Ijumaa. Atakayeonekana ana hiari pungufu awekwe ndani.

(b) Sajenti Nangobi aitwe haraka kwenye kozi yako, asome uongozi shirikishi mpaka naye ashindwe kuufanya.

(c) Kama hayo hayawezekani, nipewe uhamisho kabla kamati haijafika. Ni afadhali buti za ghalani kuliko kuaibika mbele ya watu ninaowapenda. Barua hii nitaileta Mbale kwa mkono wangu leo hii, gari likisukumwa.

Nisalimie wakufunzi wote, na mpishi aliyekuwa akituongezea malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga bila kuombwa. Msalimie na mwenye kinu, umwambie chafya zimepona. Mama mkwe wangu ukipita kwake msalimie pia, ila kwa Kimasaba, lugha ya kwao, kwa ajili ya kuku.

Ni mimi mtiifu wako, nisiye na wa kunitii,

Inspekta Faizal Masaba

Nyongeza: Nilipomaliza kutia sahihi nilimwambia Sajenti Nangobi atafute wa kusukuma gari. Akauliza naenda wapi, nikamweleza: Mbale, kuomba uhamisho. Akaenda jikoni, nikasikia wanabishana kwa lugha zote, na safari hii hakuna aliyecheka. Kisha wakaja wote wakapanga mstari mbele ya meza yangu. Sajenti akasema, "Afande, sisi nakaa kikao. Hii gari ya kupeleka wewe transfa, sisi hapana sukuma. Filimbi ukitaka piga. Wewe iko shauri yetu." Wakapiga saluti, wakabaki wamesimama.

Neno hilo lina maana ya kambini niliyokueleza, na lina maana ya falsafa yangu, na sikuuliza wamekusudia ipi. Koplo Ojok amenibebea kikombe changu kwenda jikoni, na huko kuna kigoda ambacho jana hakikuwepo. Maombi yangu (a), (b) na (c) nayafuta, na Ijumaa kamati ije, ila mjue kwamba maswali mtayauliza kule jikoni. Ningeichana barua hii, lakini jambo hilo limepigiwa kura na nimeshindwa: Ojok anaileta kwa teksi, maana kikao kimekubali barua iende, mwandishi abaki.