Skimu ya Upepo wa Majumbani

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye hakuja lakini kiti chake kipo, Mtukufu Mtemi, wazee wa baraza, Bwana Velji mwenye duka, wachimbaji mliotoka Rwamgasa na vumbi lenu, akina mama mnaojipepea kwa kanga: mimi, Donatus Mihayo, Msaidizi wa Msaidizi wa Skimu ya Ventilesheni, yaani mpango wa kupitisha hewa, nawasalimu. (Makofi machache. Mbuzi anapita.)

Kama mjuavyo, nilipofika hapa nilisikitika kuona nyumba zenu zina mwanya kati ya ukuta na paa, ambamo upepo hupita usiku kucha bila mpango, bila usimamizi, wala muhuri, nami kwa moyo wa uongozi nikaamuru mwanya huo uzibwe kwa udongo, ili hewa isubiri madirisha ya kisasa na kuingia kwa utaratibu. Kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mwenyewe, asilimia tisini na tisa ya nyumba zimezibwa. (Sauti: “Na sote tunalala nje!” Vicheko.) Kulala nje, ndugu zangu, ni hatua ya kwanza ya ventilesheni.

Asilimia moja iliyobaki ni Mama Bernadina, mfinyanzi, aliyekataa katakata kuziba, na ambaye nyumba yake ilikuwa ibomolewe leo mbele yenu. (Mama Bernadina anasimama: “Bwana Donatus, waambie jana ulilala wapi.”) Nakuja huko, mayu, mama yangu, usinikimbize.

Kiongozi hufanya utafiti. Chumba changu, nilichokiziba niwe mfano mwema, kimekuwa tanuri la mikate, kwa hiyo jana niliikagua nyumba ya Mama Bernadina nikiwa nimelala chali mkekani kati ya wajukuu wake, na ukaguzi ukaendelea hadi jua likachomoza. (Vigelegele.) Upepo uliingia kwa juu, ukazunguka, ukatoka, nami nikakoroma kwa niaba ya Serikali. Nilifurahi, siwafichi. Amri ya kubomoa nimeifuta, na nyote zibueni.

Hewa ndani! (Ndani!) Joto nje! (Nje!)

Mwisho, namshukuru Bwana Velji kwa kutuazima dirisha hili la mfano nililoliegemea tangu asubuhi. Analitaka kabla hajafunga duka, na mengine msiyangoje, kwani hayakuagizwa, wala hii skimu hakuna anayeijua ila mimi. Nawe Mama Bernadina, ukaguzi unaendelea leo. Wabeja, asante sana, mayu, mkeka ule ule utatosha.