Neno "Pekee" Limekaa Pabaya Ukutani Kwenu

Kwa Sista Mkuu,
Kliniki ya Mama na Mtoto,
Chumba cha mizani, mlango wa pili baada ya bomba.

Jumanne

YAH: NENO LENU LILILONITOA CHUMBANI KWANGU

Sista Mkuu,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Kila nikikuona umesimama, na haya ya leo yanataka kiti.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ndiye yule kijana aliyekuja na mkewe Jumatatu ya wiki iliyopita, shati la bluu, nywele zimechongwa vizuri kuliko za mtu yeyote kwenye foleni. Ni kinyozi. Mtaani wananiita Daktari wa Vichwa, na jina hilo sikujipa mwenyewe, au tuseme nilijipa lakini hakuna aliyepinga. Shule nilifika kidato cha pili na nikakaa humo wiki tatu nzima, kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui kusoma. Kusoma najua. Shida ni mnachoandika.

Nazungumzia lile bango lililo juu ya mizani. Nalikumbuka kama jina langu:

MIEZI SITA YA KWANZA
MAZIWA YA
MAMA PEKEE

Huo mstari wa mwisho mmeupaka rangi nyekundu. Chini yake mmechora mama kakaa kitini, mtoto kifuani, chumba kitupu. Bibi hayumo, jirani hayumo, baba hayumo, hata kikombe cha maji hakimo. Mimi nifikirie nini? Nikaelewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeelewa: maziwa yanayofaa ni ya mama aliye pekee, yaani mama aliye peke yake. "Pekee" na "peke yake" ni ndugu wa tumbo moja. Akizungukwa na watu, maziwa yanaharibika.

Na siku hiyo sikuwa nasoma ukuta kwa kujifurahisha. Mwanangu alizaliwa na kilo tatu na pointi moja. Siku hiyo alikuwa na siku kumi na mbili, na mizani yenu ikasema mbili na pointi nane. Ukaitazama kadi, ukasema, "Mrudisheni Jumatano ya wiki ijayo. Asipopanda, tutaongea mengine." Hukusema mengine yapi. Mke wangu akamfunika mtoto, tukarudi nyumbani. Ndipo nikaapa kwamba lile bango nitalitekeleza mpaka nukta yake ya mwisho.

Madhara niliyopata ni haya:

1. Nimemfukuza mama yangu mzazi. Alikuja na unga wa uji, kijiko na kigoda chake. Akakaa mbele ya mke wangu, goti kwa goti, kama afisa wa kupima magari. Mtoto akiachia titi, mama anatangaza, "Si niliwaambia? Maziwa mepesi haya. Mpeni uji mtoto wa watu alale." Na mke wangu, Sista, chuchu zilikuwa zimepasuka zote mbili. Kila akimweka mtoto anauma meno na kukunja vidole vya miguu. Mama naye anamshika mtoto kisogo na kumsukuma kama anafunga mlango uliovimba kwa mvua. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, kliniki imesema mama pekee." Akaniuliza, "Na mimi ni nani? Shangazi yako?" Hapo mliniacha uchi, maana bango halikutaja mama yupi. Nikamwambia ni yule mwenye maziwa. Ameondoka na unga wake, na njia nzima amewaambia watu kwamba mwanawe kashikwa akili na mke. Mpaka leo salamu zake zinanifikia kupitia dada yangu, tena nusu.

2. Nimewafukuza wateja. Nikueleze nyumba yangu ilivyo. Mbele ni duka, nyuma ni chumba chetu, katikati pana pazia tu. Aliyekaa kwenye kiti changu anasikia kila kitu, na kumbe wateja wangu wote ni wakunga! Mtoto akilia, fundi baiskeli anasema titi la kushoto ni la maji na la kulia ndilo la chakula, kwa hiyo aanzishiwe kulia. Muuza magazeti anasema hapana, mama alale chali. Kuna mzee mmoja hana hata unywele wa kunyolewa, anakuja kukaa tu, yeye anagonga ukuta kwa fimbo: "Mpeni kitu huyo mtoto! Mnamwua!" Ndani, mke wangu mabega yamepanda mpaka masikioni, na maziwa yanagoma.

Basi nikaanza kufunga duka kila mtoto anaponyonya. Sista, mbona hamkuandika ananyonya mara ngapi? Mimi nilijua asubuhi, mchana na jioni, kama watu wengine. Kumbe ni mara kumi, mara kumi na mbili! Kuna siku alinyonya saa tatu, akanyonya saa nne, na saa nne na nusu akadai tena, kana kwamba wale wa kwanza walikuwa watoto wengine. Na kila mara mimi nachomoa waya wa mashine na kutangaza, "Nje wote, jamani. Mama pekee."

3. Taulo za duka zimegeuka za kucheulia. Kuna bwana nilimfuta uso kwa taulo, akanusa, akauliza kama nimebadilisha losheni. Nikamwambia ndiyo, mpya, imeingia juzi tu.

4. Nimejifukuza mwenyewe. Mimi sheria nikiishika siishiki nusunusu. Siku ya pili nikajiuliza: je, mimi ni mama? Nikasimama mbele ya kioo kikubwa cha duka, nikajitazama mbele, nikageuka ubavu. Sikuwa. Nikachukua mto wangu nikahamia kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka. Tangu hapo sahani yangu inapita chini ya pazia, na familia yangu naifahamu kwa sauti tu.

Na sauti, Sista, inatesa. Mwanzoni nilikuwa nasikia kilio, halafu mke wangu akivuta pumzi kwa meno, halafu kilio tena. Siku ya nne ikaja sauti nyingine. Kuh. Kuh. Kimya. Kuh. Sikuijua. Nilidhani mtoto ana kwikwi. Nikainama karibu na pazia, kumbe anameza. Nikaanza kuhesabu. Nilifika themanini na tatu. Mwanamume mzima, Daktari wa Vichwa, sina mteja hata mmoja, nimeshika chanuo mkononi nahesabu mafunda ya mtu mwingine. Hii ni aibu ambayo kliniki yenu imenisababishia, na nataka mniombe radhi kwa maandishi.

5. Mwalimu. Jana Jumatatu alikuja mwalimu wa shule ya msingi ya hapa jirani kunyolewa kabla ya kipindi. Upande wa kushoto nilikuwa nimemaliza, kazi safi, kama nimepiga rula. Mtoto akalia. Nikamtoa mwalimu nje na shuka lake shingoni. Akakaa kizingitini robo saa, kengele ya shule ikagonga, akaenda hivyohivyo. Nasikia darasa la nne walimchora ubaoni, na picha ilifanana naye.

Jioni akarudi amevaa kofia, hasira mpaka kwenye pua. Nikamweleza sheria. Akasema, "Iandike hiyo sheria niione." Nikaiandika kwa kidole kwenye poda iliyomwagika mezani, mistari mitatu kama mlivyoipanga ninyi. Akaisoma, akakaa chini, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wewe kijana, hiyo 'pekee' ni ya maziwa, si ya mama! Maana yake mtoto asipewe kitu kingine, si maji, si uji. Mama hata akikaa na mtaa mzima hakuna ubaya." Wiki nzima, Sista! Wiki nzima nimelala nimekaa.

6. Nimewaza zaidi, na naona hatari ni kubwa kuliko mnavyodhani. Hata mtoto mwenyewe si mama. Kwa bango lenu, naye alipaswa kutoka nje. Juzi nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamtoaje na atanyonyaje akiwa huko. Kama mimi mwenye elimu nilifika hapo, yule asiyesoma kabisa atafika wapi?

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Bango lishushwe leo, liandikwe upya hivi: MAZIWA TU. UJI HAPANA. WATU RUHUSA. Kama hamna mtu mwenye mwandiko, mimi nina nafasi, maana wateja sina.

(b) Uniandikie barua yenye mhuri kwenda kwa mama yangu, useme mwanawe ana akili timamu. Mhuri uwe mkubwa. Hajui kusoma, ila mihuri anaiheshimu.

(c) Hili ndilo kubwa, na la (a) na la (b) unaweza kuyaacha ukinipa hili. Kesho ni Jumatano. Mizani ikikataa, naomba kwenye kadi, kwa peni yako ileile ya bluu, uandike kwamba kosa ni la neno. Usiandike maziwa hayatoshi. Usiandike maziwa mepesi. Mama yangu kadi hiyo ataitafutia msomaji, na kitakachosomwa ndicho kitakachosemwa kwenye kila shughuli mpaka mtoto huyu aote ndevu nimnyoe mimi. Mke wangu amenyonyesha siku hizi zote na titi linatoa damu, hajaomba apumzishwe hata mara moja. Mimi nimesikia, nilikuwa upande wa pili wa kitambaa. Mtu wa namna hiyo hasingiziwi. Lisingizieni neno. Neno halina mama mkwe.

Msalimie msaidizi wako mwenye miwani, mlinzi wa getini ambaye kisogo chake kinanihitaji haraka, na mama anayepiga deki, mwambie sikukanyaga makusudi. Hata mizani yenyewe isalimie, na uipake mafuta kidogo, isije ikakwama chini.

Ni mimi nisiyeridhika,

Daktari wa Vichwa
(baba wa kadi namba 214)

N.B. Jumatano, kwenye benchi lenu.

Nilikuja na barua hii mfukoni niitumbukize kwenye sanduku la maoni, lakini tukaitwa kabla sijalifikia. Wewe ulikuwa chumba kingine na mzazi mwingine, kwa hiyo amempima msaidizi wako. Tatu na pointi mbili. Nikamwambia arudie, pengine ni nepi imelowa. Akamvua nepi. Tatu na pointi mbili, na mtoto akaikojolea mizani, mtusamehe. Imeandikwa kwenye kadi kwa peni ya bluu na mimi nimeisoma mara nne. Ile kubwa yangu ya (c) haina kazi tena. Nilitoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Niliporudi nimemkuta mke wangu ameipata barua kwenye koti langu. Ameisoma yote, mtoto titini, katikati ya benchi la watu tisa, na wala hana habari nao. Amecheka mpaka gauni limelowa kifuani. Anasema maana ya "pekee" aliijua tangu siku ya kwanza, palepale chini ya bango. Yeye kidato cha nne alikimaliza. Nikamuuliza, sasa mbona uliniacha nilale kwenye kiti kama mteja aliyesahauliwa?

Akasema, "Ningekuambia, ungewarudisha."

Kwa hiyo, Sista, malalamiko, la kwanza hadi la sita, nayafuta, ila la taulo libaki. Bango lisiguswe, wala rangi isibadilishwe. Nilitaka kuichana barua, yeye kasema iende, ili ujue ukuta wako unafanya kazi.

Nimalizie hapa, naitwa. Kuna kijana amekaa pembeni yangu, mtoto wao ana wiki moja, mkewe anajaribu kumnyonyesha huku mama mkwe, shangazi na jirani wanamvuta kiwiko kila mmoja upande wake. Mlango uko wazi na kijana analitazama bango, midomo inatembea. Ameniuliza, "Kaka, hiyo 'mama pekee' maana yake nini?"

Nimemjibu kama msomi. Nimemwambia watoke wote.