Ngazi Mbele ya Kamera

Jumatano, 4 Juni
Tumealikwa! Igizo letu la nyimbo litaonyeshwa kwenye sherehe ya tuzo, moja kwa moja kwenye televisheni. Wimbo mmoja tu: Malkia, mwimbaji wetu mkuu, anapanda ngazi za magurudumu huku akiimba, nami nazisukuma kwa nyuma, nimevaa nyeusi nisionekane. Balaa ni kwamba mama wa mchumba wangu anajua mimi ni mwimbaji. Nilimwambia mwenyewe. Leo kasema asiponiona kwa macho yake, posa hakuna.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemwomba meneja wa jukwaa anipe japo ubeti mmoja. Akaniuliza tangu lini ngazi zikaimba. Mshenzi! Lakini fundi wa kamera, mtu muungwana, kanidokeza: kamera ziko tatu, na inayowaka taa nyekundu ndiyo inayoonekana majumbani. Nacheka peke yangu.

Jumamosi, 7 Juni
Leo kwenye sherehe, Malkia alipofika juu, nikavua nyeusi, nikabaki na shati jeupe, nikachomoza kichwa, nikasukuma ngazi kuelekea taa nyekundu. Ikazimika! Ikawaka ya kushoto. Nikageuza. Ikawaka ya kulia. Nikageuza tena, jasho chapachapa. Malkia kang'ang'ania ukingo, anapiga sauti ambazo mtunzi hakuzitunga. Tulisimama kwenye safu ya majaji, Malkia akaporomoka, jaji mmoja akampokea mapajani. Ukumbi mzima ukashangilia! Tukapata tuzo ya ubunifu wa jukwaa. Akaipokea meneja, akamshukuru Mungu na mkewe. Mimi nilikuwa nje, mlinzi kanikamata ukosi.

Jumapili, 8 Juni
Nimefukuzwa kazi. Fundi wa kamera anasema kila nilipochomoza, mwongozaji wa matangazo alihamia kamera nyingine kunikwepa. Watu hawakuona hata ukucha wangu. Malkia kanitumia salamu zisizoandikika. Nimelia, sifichi. Nampenda mchumba wangu.

Jumatatu, 9 Juni
Mchumba kaja. Kamweleza mama yake ukweli wote! Kumbe mama hana neno na kusukuma ngazi. Kinachomkera ni uongo. Kasema niende kesho, nimwambie kwa kinywa changu ninafanya kazi gani, naye ataipokea posa. Mama mwema jamani! Nimejizoeza mbele ya kioo tangu asubuhi. Tatizo moja tu, kazi yenyewe sina tena. Basi nitamwambia nimepandishwa cheo, sasa ni mkurugenzi.