Ombi la Kurudishiwa Kelele za Gari Langu

Kumb. Na. NYB/GARI/1

Mheshimiwa Shemeji,

Salamu nyingi, na pole na safari. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi.

YAH: GARI LAKO LA KIFAHARI

Rejea makubaliano yetu ya Jumapili, mlangoni kwangu, ambapo uliniachia gari lako nikutunzie kwa siku kumi, nawe ukalichukua langu ulipeleke kwa fundi wako akalizibe bomba la moshi, iwe zawadi. Nilikushukuru sana siku ile, mpaka nikakupa mkono mara mbili. Leo ni Ijumaa na shukrani hizo naomba kuzifuta. Mimi ni karani wa masjala, maisha yangu ni mafaili, si mtu wa kulalamika ovyo. Kwa hiyo malalamiko nimeyapanga kwa namba, usije ukasema hukuelewa.

1. Gari lako linawaka. Unabonyeza kitufe, basi. Langu, kama ujuavyo, linasukumwa. Kila asubuhi mshona viatu, mwenye duka la dawa na yule jirani tunayemwita Meneja kwa sababu hana kazi, hutoka kunisukuma mpaka kwenye mteremko, na hapo ndipo tunapopeana habari zote za mtaa. Wiki hii nimepita kimya kimya nyuma ya vioo vyeusi, sijui nani anaumwa wala nani kahama. Mshona viatu amemwuliza dada yako amenikosea nini. Meneja ndiye aliyeumia zaidi, maana ile ndiyo ilikuwa kazi yake.

2. Mguu wangu wa kushoto. Miaka kumi na tisa umekanyaga klachi bila likizo. Kwenye gari lako umekaa tu kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Jumatatu niliuonea huruma, nikaupa kazi ya breki, nao ukaikanyaga kwa nguvu zile zile za klachi. Bahati nzuri aliyekuwa nyuma yetu alikuwa na baiskeli tu, na ameshatusamehe.

3. Gari lako linanichunga. Nikisogea pembeni kidogo, ti-ti-ti. Nikipiga miayo, mbele yangu inatokea picha ya kikombe cha kahawa, eti nimechoka, nipumzike. Shemeji, tangu niajiriwe hakuna bosi aliyewahi kuniambia nipumzike! Nilisimama pembeni machozi yakinilengalenga, nikachelewa kazini. Mkuu wangu alipotaka maelezo kwa maandishi, niliandika kwamba gari lilinipa ruhusa. Suala hilo sasa lina faili, na faili ninalitunza mimi.

4. Barabara yetu nilikuwa naijua kwa makalio. Shimo la shule, tuta la hospitali, yale mashimo mawili pacha ya sokoni. Gari lako linapita juu ya vyote hivyo kama lami imepigwa pasi. Jumatano niliipitiliza ofisi yangu mwenyewe, kwa sababu sikulisikia lile shimo la getini.

5. Sasa nakuja kwenye lenyewe: kimya.

Unajua kwamba kila asubuhi nampeleka dada yako hospitali kwenye kazi yake ya uuguzi, mwendo wa nusu saa. Kwenye gari langu tuna maneno matatu yanayosikika: simama, funga, twende. Mengine yote yanamezwa na bomba la moshi, nami huitikia kwa kichwa. Jumanne, ndani ya gari lako, nikasikia sauti ya mwanamke. Nikadhani ni yule anayeelekeza njia. Nikamjibu kwa adabu kwamba nimemsikia, nitapinda kulia. Kumbe ni mke wangu, ananiuliza habari za mama mkwe.

Loo! Ndipo nilipoanza kujua niliyoyakubali kwa miaka yote hii. Nimekubali mama mkwe ahamie kwetu mwezi wa saba, na chumba nimekitoa mimi, tukiwa kwenye mlima wa hospitali, gia ya kwanza. Nimekubali kunyoa masharubu. Nimekubali binti yetu aache uhasibu awe mwanamuziki, na inasemekana nilitabasamu.

Naye amenisikia. Nina tabia ya kusemasema peke yangu nikiendesha, na kwa kelele za gari langu ilikuwa siri yangu na Mungu. Jumatano nikasahau. Maneno yenyewe siwezi kuyaweka hapa kwa heshima yako, ila yalihusu kichwa chako, na yeye ameahidi kukufikishia.

6. Jana aliniuliza kama nina furaha naye.

Kwenye gari langu ningebadilisha gia. Ningeshusha kioo kwa koleo. Ningepiga honi isilie, tukaanza kushughulika na honi. Kwako hakuna pa kujishikiza, hata kiti kilinikumbatia nisitoke. Niliwasha taa ya kupinda kulia, na kulia hakukuwa na njia. Anasema amekuwa akiniuliza hivyo tangu mwaka juzi. Anasema pia kwamba kama sina jibu, siku ukija kuchukua gari lako ataondoka nawe na sanduku lake, akapumzike kwako kwa muda usiojulikana. Naogopa, Shemeji. Sisemi utani.

Kutokana na hayo, naomba fundi wako asiliguse bomba langu. Kama ameshaliziba, alitoboe upya, tundu liwe kubwa kuliko la mwanzo, na milango ailegeze kidogo. Gari lirudi kesho, likivutwa au likisukumwa. Nyumba yangu imesimama kwa kelele, nawe ni kaka mtu, huwezi kukaa ukitazama ikibomoka kwa sababu ya starehe.

Msalimie mkeo, watoto, fundi wako pamoja na mafundi wote pale gereji. Meneja anakusalimu kwa huzuni.

Ni mimi, ninayesubiri kwa masikio yote mawili,

Shemeji yako, Karani wa Masjala

Nakala: Mama Mkwe (kwa taarifa tu)

Tanbihi: Samahani kwa kuchelewa kwa barua hii; niliiandika alfajiri, na sasa ni jioni. Leo tumeipita posta mara tatu, sikutaka kusimama. Lile swali nimelijibu asubuhi kwenye taa nyekundu, na taa ikawaka kijani, wa nyuma wakapiga honi, hatukuondoka. Sanduku limerudi juu ya kabati. Kama unaweza kuongeza wiki moja huko uliko, ongeza, na fundi alizibe lile bomba mpaka lisisikike kabisa. Dada yako ananisimulia siku aliyoniona mara ya kwanza. Anasema kwenye gari langu ameshanisimulia mara nne. Mimi ndiyo kwanza naisikia, na bado hajafika mwisho.