Mwenyekiti wa Vichochoro

Ojwang' hakuwa mwizi, na angekasirika ukimwita hivyo. Mwizi huchukua vitu vya watu. Yeye aliwangoja wenyewe wamkabidhi, kisha akawashukuru kwa heshima zote.

Siku hiyo alikuwa ameegemea ukuta nyuma ya soko la Kericho, suti imepigwa pasi na mfukoni hana hata nauli ya Kapkatet, alipoona gari dogo likisimama. Mama mmoja akashuka na kufungua buti. Ndani mlikuwa na cherehani ya ovaloki, ile ya kufunga pindo zisifumuke, chuma kitupu na mpya kabisa. Ojwang' akasahau njaa. Kule Kapkatet alimjua fundi ambaye angeinunua bila kuuliza ilikotoka.

Mama huyo alikuwa Bonareri, mwenye duka la nguo mjini Kisii. Ojwang' alipomsogelea na kumwamkia, alisema anawatafuta wabunifu wa mitindo wa vichochoroni, wale akina mama walioachishwa kazi mashine za kuchuma chai zilipoingia mashambani. Sasa walikuwa wakigeuza aproni zao nzito za kuchumia kuwa makoti ya mvua, na vijana walikuwa wakiyagombania. Shida ilikuwa pindo. Bila ovaloki, oda yake ingekwama, na akina mama wale wangerudi kukaa bure. Ndiyo maana aliwaletea zawadi.

"Mungu ni mwema, madam," Ojwang' akasema, akivua kofia. "Mimi ndio mwenyekiti wao."

Bonareri alimtazama kuanzia viatu hadi utosi, akatabasamu. "Mwenyekiti mwenyewe. Basi beba."

Akajitwika. Mpango wake ulikuwa rahisi: amzungushe mgeni hadi achoke, amwache mahali akinywa chai, naye apotee na mzigo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kubeba ovaloki.

Walipita kwa kinyozi, wakapita kwa wauza mitumba, wakajipenyeza kando ya ukuta uliochorwa mwanamke mwenye koti la aproni. Bonareri alifurahia kila kitu. Kila kona alisema wapite huku, anaona pazuri, na Ojwang' alikubali tu, maana kwa mtu anayetaka kupotea kichochoro ni kichochoro. Alipomtajia chai, mama akajibu kwamba atainywa na wenzake huko mbele. Alipomshauri apumzike, akaambiwa mwenyekiti hachoki mbele ya watu wake. Shingo ya Ojwang' ilikuwa imeanza kuzama mabegani.

Ndipo mvua ya alasiri ikashuka, ile ya Kericho isiyobisha hodi.

"Ingia hapo kwa mlango wa kijani," Bonareri akasema.

Akaingia mbio, akautua mzigo mezani, akapangusa uso. Alipofumbua macho aliona vyerehani, makoti yanayoning'inia, na akina mama wakimtazama.

"Huyu amesema ni mwenyekiti wenu," Bonareri akawaambia.

Mama mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni akainuka polepole. Aliitwa Chepyegon. "Aa, karibu," akasema. "Mimi nimekukalia kiti chako tangu tuanze."

Chumba kizima kikacheka, na hata Ojwang' akajaribu. Bonareri alieleza kwamba Chepyegon alikuwa amemwelekeza njia yote kwa simu, kona kwa kona. Kilichomshinda ni wapagazi wa sokoni, waliotaka bei ya harusi. Akawa anaomba Mungu pale kwenye gari, na Mungu akamletea mwenyekiti aliyevaa suti.

"Na ya pili, ile iliyokuwa nyuma ya hii, bado iko kwa buti," akaongeza. "Uchague, mwenyekiti. Kwa gari ama kwa chifu."

Ojwang' alichagua gari. Njia sasa ilikuwa mito, na suti ilikuwa moja tu. Pale mlangoni Chepyegon akamnyooshea aproni kubwa isiyopenya maji. Ojwang' aliguswa moyo kweli. Akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kuivaa.

"Hapana," Chepyegon akamwambia. "Hiyo ni ya kufunika mashine."