Makohozi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa chumba chetu cha darubini anastaafu. Kiti hicho ni changu! Kikwazo ni mwenzangu wa meza ya pili, Kidomo, anayejipendekeza kwa mkuu wa maabara kila kukicha. Nahitaji ugonjwa mkubwa, niugundue mimi peke yangu.
Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, anakohoa. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimechukua makohozi yake asubuhi, pale pale mezani, akiwa bado anatafuna. Akauliza kama asukutue kinywa kwanza. Nikamwambia asijisumbue, mtaalamu ni mimi.
Kazini nikayapaka kwenye kioo, nikayatia rangi, nikachungulia. Mama yangu! Seli kubwa ajabu, rangi ya chungwa, zimejipanga kama matofali. Saratani! Nimesikitika sana. Nimekikalia kidogo kile kiti, kukipima tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia mke wangu, kwa upole. Kaangua kilio. Mashemeji wote wamefika. Mama mkwe kajifungia chumbani, hataki kula. Akaniuliza mlango ukiwa umefungwa: "Mwanangu, hawa wajukuu nitawaona wakikua?"
Nikampitishia leso chini ya mlango.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaita wenzangu wote wa maabara kwenye darubini, Kidomo mbele kabisa. Mkuu akainama. Akauliza mgonjwa alikuwa amekula nini. Nikasema mkate na karoti mbichi. Alicheka mpaka akavua miwani. Seli ya binadamu haina ukuta mnene vile, akasema. Ile ni karoti, tena haikutafunwa vizuri!
Kidomo akaomba kuona. Halafu akaomba kuona tena.
Makohozi mapya, kinywa kimesukutuliwa: hakuna saratani. Mama mkwe kacheka, kalia, kisha kanipa mgongo. Shemeji mkubwa ananiita daktari wa mboga.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa Kidomo. Amri yake ya kwanza: nibandike tangazo kwamba wagonjwa wasukutue kinywa kabla ya kutoa makohozi. Nimelibandika kombo. Kisasi!

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Anakojoa mara kwa mara, ana wasiwasi. Nimemwambia asiende popote, mkojo aniletee mimi, kwa chupa yoyote. Kasema iliyopo ilikuwa ya asali, haijaoshwa. Nikamwambia inatosha kabisa.
Kisukari hiki nakigundua mimi!