Mwavuli wa Kwenye Zoezi

"Wameanguka!" Redio alipiga kelele hata kabla hajakaa. "Mia mbili na kumi, wote chali! Kiingereza kimewalaza!"

Redio ni kinyozi, na kijiwe chao pale kwa fundi viatu kina sheria moja tu. Yeye anasoma kichwa cha habari kwa sauti, gazeti anapewa Kiraka, fundi mwenyewe, naye analichana na kulisokomeza ndani ya viatu vya wateja visisinyae, halafu mjadala unaanza. Na habari yenyewe? Thubutu! Wa kuisoma pale hajazaliwa.

"Watoto wa siku hizi," Kesi alisema, akitikisa kichwa. Huyu ni karani mstaafu aliyeshtaki majirani watatu kwa ajili ya ukuta mmoja. "Simu mkononi, kichwani upepo."

"Makosa ya walimu!" Kiraka aliropoka, misumari mdomoni. "Viatu vyao si nashona mimi? Mtu soli imeisha upande mmoja, atanyoosha nini darasani?"

Geti, wa nne wao, alikuwa na lake. Miaka kumi na moja analinda lango la hospitali, jua lake, mvua yake. Kule mapokezi kuna kiti kitupu, feni juu yake, na anayekitaka lazima apasi mtihani wa Kiingereza: kusoma habari na kujibu maswali, kisha kuandika insha. Ameshaanguka mara mbili. Leo saa nane mchana ni mara ya tatu, na ameambiwa hakuna ya nne. Asubuhi mkewe amempigia shati pasi mara mbili, na pasi ile ya pili ndiyo iliyomtia hofu kuliko mtihani.

"Jamani, nisaidieni," alisema, akatoa karatasi ya zoezi aliyopewa na mwalimu wake wa jioni. "Ni kahabari kafupi. Mzee katoka nyumbani na mwavuli, kapanda basi, karudi hana mwavuli. Mkewe akacheka. Swali: mke alicheka nini?"

"Ana lake jambo huyo!" Redio aliruka. "Mume anapoteza mali, wewe meno nje? Angekuwa wangu, angelala kwao siku hiyo hiyo."

"Tulia wewe," Kesi alisema. "Mwavuli haukupotea. Kauuza. Mtu akirudi mikono mitupu na halalamiki, jua kuna kitu kauza. Andika hivyo, kijana wangu. Kauuza."

"Mpini ulikuwa wa mti au wa plastiki?" Kiraka aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Kama wa mti, kafanya ujinga. Ule unatengenezeka."

"Mpini haujatajwa, fundi. Hapa wameandika kwamba..."

"Achana na walichoandika!" wote watatu walimfokea. "Tumia akili!"

Basi Geti, mtu mzima na ndevu zake, akaandika: kauuza.

Hapo ndipo mwalimu wa jioni alipofika kuchukua viatu vyake. Aliichungulia ile karatasi, akashika kiuno.

"Baba, mstari wa mwisho umeusoma?"

"Nilikuwa naelekea huko, mwalimu."

"Mwavuli ulikuwa umetoboka. Mke kamwomba mwaka mzima autupe. Ndiyo maana kacheka. Imeandikwa hapa, wala haijajificha."

"Mwandishi kahongwa na mke," Kesi alisema.

Mwalimu alichomoa kipande cha gazeti la leo ndani ya kiatu chake, akakinyoosha juu ya goti, akasoma. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Hawa mia mbili na kumi niliosikia mnawasema nikiwa barabarani, nani kawaambia ni wanafunzi? Ni watu wazima walioomba kazi. Na wasahihishaji wanasema wengi walijibu wanayoyajua wao, wakaacha yaliyoandikwa."

Redio alikohoa.

"Hiyo nusu ya chini kwa kawaida haina maana," alisema.

Mwalimu akamgeukia Geti. "Sikiliza, baba. Kila jibu, weka kidole kwenye mstari ulikolitoa. Huna mstari, huna jibu. Na kule utakuwa peke yako, mshukuru Mungu."

Geti aliondoka mbio, shati lishaloa mgongoni. Ndani ya chumba cha mtihani alisikia sauti ya Redio kichwani kila swali, na kila swali aliinyamazisha kwa kidole. Ilipofika insha, walitaka maneno mia mbili kuhusu marafiki zake. Akashusha pumzi. Hao anawajua mpaka wanavyokohoa.

Wiki mbili baadaye alitokea kijiweni na tai shingoni, ikamkaba kidogo, lakini nani anajali. Mkononi ana karatasi yenye wino mwekundu.

"Nimepata kiti!" alisema, akiipunga juu. "Mke wangu kalia. Insha nimepata kumi na nane kwa ishirini!"

"Tulikufundisha!" Redio alimrukia shingoni. "Si tulikwambia utumie akili?"

"Niwatafsirie? Nimewaandika nyinyi watatu, jinsi mnavyobishana."

"Ya nini?" Kesi alipunga mkono. "Kilichomo tunakijua. Shukrani."

"Haswa. Sifa zetu," Kiraka alisema. Akaipokea ile karatasi kwa heshima zote, akaikunja mara mbili, akaisokomeza ndani ya kiatu kilichokuwa mapajani mwake. "Tulia, kiatu chenyewe ni chako. Mtu wa mapokezi havai kiatu kilichosinyaa."

Geti alitazama kumi na nane zake zikizama kuelekea vidoleni. Akataka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu naye anacheka nini?" Redio aliuliza.

Kesi alimpima juu mpaka chini, tai, shati, mikono mitupu.

"Kuna kitu kauza," alisema.